Jasho la Leo Si Usingizi wa Leo

Mtu akilalamika kwamba halali, awe Tanga au Kisumu, ushauri wa kwanza atakaoupata hautatoka kwa daktari. Utatoka kwa jirani, kwa shemeji au kwa mwenzake wa kazini, nao ni uleule kila mahali: jichoshe. Kimbia, lima, beba, panda ngazi. Mwili ukishachoka, usingizi utakuja wenyewe. Kwa mtu ambaye usingizi wake ni mzima, ushauri huo hauna ubaya wowote. Lakini yuko mwingine, yule ambaye madaktari humhesabu kuwa ana ugonjwa wa kukosa usingizi kwa sababu anakesha mara tatu kwa wiki au zaidi, miezi mitatu imepita, na mchana wake umeshaharibika kwa ajili hiyo. Kwa huyu ushauri una kasoro ambayo huonekana pale tu anapoufuata. Anatembea saa nzima jioni, anaoga, anapanda kitandani kwa matumaini, na saa nane usiku bado yuko macho, anageuka ubavu huu na ubavu ule. Akirudia siku ya pili na ya tatu na mambo yakawa yaleyale, anahitimisha kwamba mazoezi ni porojo za watu wenye afya, anayaacha. Hoja yangu ni kwamba zoezi halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika hesabu. Alidai malipo usiku uleule, ilhali ushahidi tulio nao unaonyesha kwamba mazoezi hulipa kwa miezi, na kwamba kati ya mchana na usiku, anayemvuta mwenzake kwa nguvu zaidi ni usiku.

Ushahidi wa jambo hili ulianza na kundi dogo sana. Mwaka 2013, Kelly Glazer Baron pamoja na Kathryn Reid na Phyllis Zee wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wanawake 11, wastani wa umri wao miaka 61, wote wakisumbuliwa na ukosefu wa usingizi. Kwa wiki 16 wanawake hao walifanya mazoezi ya kutoa jasho, nusu saa kila mara, mara tatu kwa wiki. Waliandika habari za usingizi na za mazoezi katika daftari, na mkononi walivaa kifaa cha kurekodi mwendo usiku na mchana. Wiki 16 zilipotimia, usingizi wao ulikuwa umeimarika: walilala muda mrefu zaidi, na sehemu kubwa zaidi ya saa walizokaa kitandani ikawa ni ya kulala kweli. Mpaka hapo hakuna jipya. Jipya lilionekana watafiti walipoacha kulinganisha mwanzo na mwisho, wakailinganisha kila siku na usiku wake. Siku ambayo mtu alifanya mazoezi haikufuatwa na usiku ulio bora. Kinyume chake ndicho kilichojitokeza: mwanamke aliyechelewa kushikwa na usingizi usiku, kesho yake alifanya zoezi fupi zaidi. Na kwa wale ambao tangu mwanzo walikuwa wakilala saa chache, uhusiano kati ya usiku mfupi na zoezi fupi la kesho yake ulikuwa mkali zaidi.

Kifaa kile cha mkononi kinastahili kutazamwa kwa karibu, maana tusingeweza kusema haya bila hicho. Ni kidude cha ukubwa wa saa ya kawaida, na ndani yake kuna kihisi kinachoandika kila mkono unapotikisika. Hakijui usingizi, kinajua mtikisiko. Dakika zenye mitikisiko mingi huhesabiwa kuwa za kuwa macho, dakika za utulivu huhesabiwa kuwa za kulala. Sasa mfikirie mtu aliyejilaza chali gizani saa tisa usiku, ametulia tuli kwa sababu hataki kumwamsha mwenziwe, na kichwani anapiga hesabu ya ada ya shule na kuyarudia maneno aliyoambiwa na mkubwa wake kazini. Kifaa kinaandika: amelala. Ndiyo maana watafiti hukiweka sambamba na daftari ambalo mtu hulijaza mwenyewe asubuhi. Daftari nalo lina upotofu wake, wa upande wa pili: mwenye ugonjwa huu mara nyingi hukadiria kwamba alilala muda mfupi kuliko ule ambao mashine ya kupima mawimbi ya ubongo ingeuonyesha. Kimoja huzidisha, kingine hupunguza. Kwa hiyo vyote viwili vinapokubaliana kwamba zoezi la leo halikuacha alama usiku wa leo, ushahidi huo una uzito kuliko ungetolewa na kimoja peke yake. Saa za kisasa ambazo siku hizi humtolea mtu alama za usingizi kila asubuhi nazo hutegemea mtikisiko huohuo, zikiongezea mapigo ya moyo. Anayekesha afanye hisani, aivue kabla ya kulala.

Tafiti nyingine, zilizofanywa kwa njia nyingine na watu wengine, zinaelekea upande huohuo. Mwaka 1997 jarida la JAMA la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha jaribio la Abby King na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford. Waliwachukua watu wa miaka 50 hadi 76 wasiokuwa na mazoea ya mazoezi, wenye malalamiko ya wastani kuhusu usingizi. Baadhi wakapewa kutembea kwa kasi na mazoezi mepesi ya viungo, dakika 30 hadi 40, mara nne kwa wiki, na wengine wakaendelea na maisha yao. Baada ya wiki 16, waliofanya mazoezi walikuwa wamewapita wenzao kwa takriban dakika 42 za usingizi kila usiku, na muda wa kusubiri usingizi ulikuwa umepungua kwa dakika 11 na nusu zaidi. Dakika 42 kila usiku si haba. Ziweke kando ya kile walichokipata Shawn Youngstedt na wenzake mwaka huohuo, walipokusanya tafiti zilizopima zoezi la siku moja tu: usingizi uliongezeka kwa dakika 10 hivi. Kwa haki, wengi wa waliopimwa katika tafiti hizo walikuwa wanalala vizuri tangu hapo, na aliyeshiba huwezi kupima njaa yake. Lakini hata uchambuzi wa mwaka 2015 ulioongozwa na Kredlow, uliokusanya tafiti 66, ulirudi na picha ileile: zoezi la siku moja lina faida ndogo, mazoezi ya kudumu yana faida ya maana.

Kwa nini iwe hivyo? Mwaka 1982 Alexander Borbély, mtafiti wa Zurich, aliueleza usingizi kuwa zao la nguvu mbili. Ya kwanza ni haja inayojilimbikiza kadiri mtu anavyokaa macho. Katika ubongo, kemikali iitwayo adenosini huongezeka saa baada ya saa tangu kuamka, na ndiyo ambayo kahawa huizuia isisikike. (Wanywaji wa kahawa chungu barazani baada ya magharibi, ambao huapa kwamba haiwadhuru, wakumbuke kwamba nusu ya nguvu ya kahawa hukaa mwilini kwa takriban saa tano.) Ya pili ni saa ya mwili, inayopanga ni wakati gani haja hiyo ipewe ruhusa, na ambayo huwekwa sawa na mwanga wa jua kuliko kitu kingine chochote. Mazoezi yanagusa zote mbili, na kama mambo yangeishia hapo, jirani angekuwa amesema kweli: ongeza haja, utalala. Ila mwenye ugonjwa wa kukosa usingizi hana upungufu wa uchovu. Amechoka tayari, hilo ndilo lalamiko lake. Kinachomzuia ni hali ya mwili na akili kubaki katika tahadhari: mapigo ya moyo yako juu kidogo, homoni za msongo hazitulii jioni, mawazo yanazidi kasi pale tu taa inapozimwa. Kumwongezea mtu huyu uchovu juu ya uchovu hakuishushi tahadhari hiyo papo hapo. Kinachoishusha ni mazoea, wasiwasi unaopungua kwa wiki na wiki, moyo unaozoea kutulia upesi baada ya kupanda, hali ya roho inayochangamka kidogo kidogo. Mambo hayo hayana njia ya mkato.

Lakini matokeo ya Chicago yana upande wa pili, na kwangu huo ndio wenye faida zaidi, kwa sababu unatuonyesha mahali ambapo ugonjwa hujilisha wenyewe. Tuitazame asubuhi ya aliyekesha. Kengele ya simu inalia saa kumi na mbili, anaizima, anajipa nusu saa nyingine ya usingizi wa mang'amung'amu. Akiamka kichwa ni kizito, macho yanawasha. Alikuwa amepanga kutembea mpaka stendi. Anasema leo hapana, anamwita bodaboda. Kazini anakaa kitini kutwa, chai ya saa nne inafuatwa na kikombe kingine, na kingine saa tisa alasiri. Anaporudi nyumbani anajinyoosha kwenye kochi "kidogo tu", anashtuka saa moja usiku. Saa tatu anapanda kitandani mapema ili afidie jana. Hakuna hata kimoja hapo ambacho mwenye akili timamu hangekifanya; kila hatua ina sababu yake nzuri. Ukizijumlisha, mchana huo umekuwa na jua kidogo, mwendo kidogo na chai nyingi, haja ya usingizi imepunguzwa na kulala jioni, na saa za kukaa kitandani zimeongezwa bila kuwa na usingizi wa kuzijaza. Usiku unaofuata umeharibiwa kabla haujaingia. Arthur Spielman, mwanasaikolojia wa New York, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1980: kinachoanzisha kukesha, iwe msiba, deni au ugonjwa, mara nyingi huondoka, na kinachobaki na kuendeleza kukesha huko ni zile hatua ambazo mtu alizichukua ili kujiokoa.

Hapo ndipo mwendo wa kila siku unapopata kazi yake ya kweli. Aliyekesha akitoka nje asubuhi hiyohiyo, hata kwa mwendo wa kuvuta miguu, haimaanishi kwamba atalala usiku. Amezuia kitu kimoja tu: usiku mbaya usizae mchana mbaya. Amepata mwanga wa jua mapema, saa ya mwili wake imeambiwa kwamba siku imeanza. Amejithibitishia kwamba mchana unaweza kuendeshwa hata bila usingizi wa kutosha, na uthibitisho huo una thamani kubwa, kwa sababu hofu inayomkesheza mtu mara nyingi ni hofu ya kesho: nisipolala sasa, kesho nitakuwa si mtu. Hofu hiyo ikipungua nguvu, kitanda nacho hupunguza kutisha. Haya hayawezi kuonekana katika usiku mmoja. Ndiyo maana wanawake wa Chicago waliweza kuimarika katika wiki 16 ingawa hakuna usiku wowote ambao ungeweza kuonyeshwa kidole ukaambiwa: huu ndio uliolipwa na zoezi la jana.

Najua pingamizi litakaloletwa kwanza, nalo lina heshima yake. Mtazame hamali wa bandarini, mtazame mama anayelima kutwa: wakigusa mkeka tu wamelala fofofo. Kwao jasho la leo si ndilo usingizi wa leo? Kwanza, tunaowaona wakilala fofofo ni wale wanaolala. Hamali anayekesha hatumwoni, na wapo, maana kazi ya sulubu haimkingi mtu na maumivu ya mgongo, joto la chumba cha mabati, mbu na deni. Pili, tunao watu ambao mwendo ndio maisha yao, na usingizi wao umepimwa. Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huwinda, huchimba mizizi na kurina asali. Walipofungwa vifaa vya kupima, ilionekana kwamba hutumia zaidi ya saa mbili kila siku katika shughuli za nguvu ya wastani au kubwa, mara nyingi kuliko kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani humwomba mtu mzima akifikie, dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Ingekuwa kweli kwamba mwili ukichoka usingizi hufuata kwa wingi uleule, Wahadza wangekuwa mabingwa wa kulala.

Sivyo ilivyo. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha vipimo vya usingizi wa jamii tatu, Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, na wakakuta wanalala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Hizo ni saa za mtu wa mjini, au pungufu. Wala hawalali mara tu jua linapozama. Kwa wastani husubiri zaidi ya saa tatu. Miaka miwili baadaye David Samson na wenzake waliwafuatilia Wahadza 33 kwa siku 20 wakakuta wastani wa saa sita na robo, na usingizi wenyewe umekatikakatika. Katika siku zote hizo, dakika ambazo watu wazima wote wa kundi walikuwa wamelala kwa pamoja hazikuzidi 18. Wakati wote uliobaki kulikuwa na mtu aliye macho, anayechochea moto, anayemnyonyesha mtoto au anayegeuka tu. Kwa vipimo vya kliniki za Ulaya usingizi kama huo ungeitwa mbovu. Na hata hivyo, Wasan na Watsimane walipoulizwa, waliosema kwamba kukosa usingizi huwasumbua mara kwa mara hawakufika asilimia 3, wakati katika nchi za viwanda huwa ni mtu mmoja kati ya kumi hivi. Mwendo wa kutwa haujawapa watu hawa usingizi mrefu wala usiokatika. Ninavyoona mimi, maisha yao yamewaepusha na ile asubuhi niliyoieleza: hawana kochi la alasiri, mwanga wa asubuhi wanaupata wapende wasipende, na anayeamka saa tisa usiku hana sababu ya kudhani kwamba kuna kitu kimeharibika. Nakubali kwamba mambo mengi yanawatofautisha na mkazi wa Dar es Salaam, na sitaki kuwageuza dawa ya watu wengine. Wanatosha kuonyesha kwamba uchovu wa mwili na wingi wa usingizi si bei na bidhaa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi kwangu, maana linatoka maabara. Mwaka 2010, Giselle Passos na wenzake wa São Paulo, Brazili, waliwapima wagonjwa 48 wenye ukosefu sugu wa usingizi, na kwa waliofanya zoezi moja tu la wastani la kutoa jasho, muda wa kusubiri usingizi usiku uleule ulipungua kwa asilimia 55 na usingizi ukaongezeka kwa asilimia 18, kwa kipimo cha mawimbi ya ubongo. Hapo malipo yalikuja papo hapo, na sina haja ya kuyakana. Lakini jaribio hilohilo lilikuwa na makundi mengine: waliofanya zoezi kali la kukimbia, na waliofanya zoezi la kunyanyua uzito. Makundi hayo hayakupata faida hiyo. Kama uchovu ndio ungekuwa dawa, aliyechoka zaidi angelala zaidi, na aliyekimbia sana ndiye aliyetoka mikono mitupu. Tena huo ulikuwa usiku mmoja, chini ya usimamizi, mbali na nyumbani, kwa zoezi ambalo mtu hakuwa na budi kulifanya. Kule Chicago kulikuwa na maisha yenyewe, wiki baada ya wiki, na ndani yake kuna siku ambazo mtu hafanyi zoezi kwa sababu alikesha. Ninachokisoma kwa kuziweka pamoja ni kwamba kuna usiku ambao zoezi la mchana litasaidia, ila hakuna anayeweza kukuambia ni upi. Faida ya namna hiyo ni njema ikija, lakini mtu asiipangie safari.

Wanawake 11 ni wachache, na mwenye kunikumbusha hilo ana haki. Kundi dogo kama hilo haliwezi kutuambia lolote kuhusu wanaume, vijana, wajawazito au wafanyakazi wa zamu za usiku. Linaweza kukosa kuona athari ndogo iliyopo kweli. Nguvu yake iko kwingine: kila mmoja alifuatiliwa kwa zaidi ya siku mia moja, na aliyelinganishwa naye ni yeye mwenyewe, siku yake njema na siku yake mbaya, hivyo tofauti za umri, pato au tabia kati ya mtu na mtu haziwezi kuwa ndizo zilizoleta matokeo. Nisingejenga sera ya nchi juu ya utafiti huo. Kujenga juu yake tahadhari, kwamba mgonjwa asihukumu mazoezi kwa usiku mmoja, ni jambo jingine, na tahadhari hiyo ingebaki kuwa ya busara hata kama kesho utafiti mkubwa ungeonyesha kwamba athari ya usiku uleule ipo kidogo.

Kuhusu hofu kwamba mazoezi ya jioni hufukuza usingizi, neno fupi linatosha. Jan Stutz na wenzake wa Zurich walizikusanya tafiti 23 mwaka 2019, wakaona kwamba zoezi la jioni kwa ujumla halidhuru. Lililotiliwa shaka ni zoezi kali linalomalizika saa moja au chini ya hapo kabla ya kulala. Wale wanaocheza mpira wa mtaani mpaka giza linaingia, au kutembea ufukweni baada ya kazi, hawana sababu ya kuacha. Nimeipendelea asubuhi kwa ajili ya mwanga wake na kwa ajili ya kuukata ule mnyororo wa baada ya usiku mbaya, si kwa sababu jioni ina sumu.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi. Kama usiku ndio unaoamua mchana, wanasema, basi utibu usiku kwanza, na mwendo utafuata wenyewe. Nusu ya hoja hiyo naikubali bila kusita. Tangu mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kinapendekeza kwamba tiba ya kwanza kwa mtu mzima mwenye ukosefu sugu wa usingizi isiwe kidonge bali tiba ya kisaikolojia ya kubadili fikra na tabia zinazohusu usingizi. Sehemu yake mojawapo inashangaza: badala ya kumwambia mgonjwa akae kitandani zaidi, humpunguzia saa za kitanda zikaribie zile anazolala kweli, kisha kuziongeza polepole usingizi unapojaa. Ni tiba yenye matokeo mazuri, na kwetu wanaojua kuitoa ni wachache, huku diazepamu ikinunuliwa dukani kwa urahisi usiostahili. Lakini anayeijaribu tiba hiyo hugundua mara moja kwamba ugumu wake uko mchana na jioni: kukaa macho mpaka saa iliyopangwa, kutojinyoosha kwenye kochi, kuamka wakati uleule hata baada ya kulala saa nne. Mtu anayetembea huyaweza mambo hayo kuliko mtu aliyeketi. Kwa hiyo siuoni mwendo kuwa zawadi inayosubiri usingizi upone. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

Liko pia lawama la haki kwamba mazungumzo haya ni ya wenye magari. Anayeamka saa kumi alfajiri na kutembea kilomita sita kwenda kibaruani hana haja ya kuambiwa atembee, na akikesha, sababu huenda ni majirani wenye muziki, chumba kisicho na dirisha au mshahara uliochelewa. Huyo simshauri aongeze hatua hata moja. Namwambia tu kwamba uchovu wake usimfanye adhani mwili wake una hitilafu ya ajabu kwa kuwa amechoka na bado hakupata lepe la usingizi. Uchovu na usingizi ni vitu viwili. Wala simshauri ajitibu kwa kutembea mtu anayekoroma kwa nguvu na kukabwa pumzi usiku, au ambaye miguu yake haitulii kila anapolala. Hayo ni maradhi mengine, yana vipimo vyake na tiba yake, na yanahitaji daktari.

Kwa daktari mwenyewe, na kwa mganga wa zahanati anayemwona mgonjwa kwa dakika tano, nina ombi moja. Swali la "unalala saa ngapi?" huulizwa sikuzote. Liongezwe na jingine: "siku ukikesha, kesho yake huwa unafanya nini?" Jibu la swali hilo mara nyingi litaeleza ugonjwa kuliko idadi ya saa, na litaonyesha pa kuanzia bila kuandika dawa. Na akishauri mazoezi, aseme muda wake waziwazi, kwamba ni miezi mitatu au minne kabla ya kuuliza kama yamesaidia, ili mgonjwa asirudi baada ya wiki moja akiwa na shida mbili, ukosefu wa usingizi na imani kwamba hata mazoezi yamemshinda.

Nawe msomaji, kama umekesha usiku wa kuamkia leo, toka nje kabla ya saa tatu asubuhi na utembee dakika kumi, polepole upendavyo. Rudi, endelea na shughuli zako, usijinyooshe alasiri, na usiku wa leo usiuulize chochote.